Naomba ushauri: tuwapange kwa kigezo gani wachezaji bora wa kikapu wa zama zote?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Barazani kwetu Chake Chake tumekubaliana kuandika orodha ya wachezaji 10 bora wa mpira wa kikapu wa zama zote, lakini kila jioni tunakwama palepale. Wakubwa zetu wanamtanguliza Bill Russell kwa mataji yake 11 akiwa na Boston Celtics. Rika langu linamtaja Michael Jordan, aliyeshinda fainali zote 6 alizocheza. Na vijana wanamshikilia LeBron James, ambaye mwaka 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387.

Kinachonitatiza hasa ni tofauti ya zama: NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa na iliyoporwa msimu wa 1973/74, na mstari wa pointi 3 ukaja 1979, kwa hiyo naona tunamdhulumu Russell, aliyecheza kabla ya hayo, tunapompima kwa takwimu za leo. Wala sikubali kwamba mataji, ambayo ni jasho la timu nzima, yampime mtu mmoja.

Je, tumlinganishe kila mchezaji na wenzake wa zama zake tu, au ipo njia ya haki zaidi? Na Hakeem Olajuwon, Mwafrika mwenzetu aliyetwaa ubingwa 1994 na 1995, mngemweka nafasi ya ngapi?