Natafuta mwalimu wa fasihi ya Kihispania (mtihani wa AP), Mei ndiyo hiyo

Tausi wa Merrimack (mwanzisha uzi)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Niko Lowell, Massachusetts. Mwanangu wa kiume yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, Mei anafanya mtihani wa AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari huku Marekani) wa fasihi na utamaduni wa Kihispania. Siyo ule wa lugha, huu ni wa fasihi. Mwalimu wao yuko likizo ya uzazi tangu Januari, na aliyemshikia darasa anawawekea filamu, kengele ikigonga wanatawanyika. Mtoto kachanganyikiwa.

Mimi Kihispania changu ni cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, basi. Nalea wazee, zamu za usiku, kwa hiyo usimamizi wangu wa masomo ni wa simu.

Naomba kujua: mwalimu wa mtandaoni anatosha au lazima wa ana kwa ana? Bei ya haki kwa saa ni ipi? Na kulipia mbele ni kawaida? Vyuo vingine mtoto akipata alama nzuri kwenye AP vinamsamehe baadhi ya masomo, yaani ada inapungua. Sitaki mchezo.

Naomba kuwasilisha.

Kobe Mzee
Wa kwanza hapa. Dada, hela ya mwalimu ya nini? Mwekee tamthilia za Kimeksiko. Dada yangu alimaliza moja tu akaanza kumwita shemeji "mi amor". Shemeji akaitisha kikao cha ukoo akijua katukanwa.

Binti Chumbageni
Kabla ya Kihispania, Kiswahili anakijua? Mnatuletea watoto likizo wanampungia babu yao mkono badala ya kumwamkia, halafu mnahangaika na fasihi za watu.

Tausi wa Merrimack
Anakijua, anaongea na bibi yake wa Tanga kila Jumapili. Tafadhali turudi kwenye mada.

Mwalimu Chaki
Nafundisha Kihispania Texas na darasa hili nimewahi kulishika. Nikueleze ili ujue unanunua nini.

Kuna orodha ya lazima ya maandiko 38, kuanzia hadithi ya Don Juan Manuel ya karne ya 14 hadi waandishi wa juzijuzi akina Isabel Allende na Rosa Montero. Katikati hapo kuna Lazarillo, sura kadhaa za Don Quijote, tamthilia ya Lorca, kisha Borges, Cortázar, Rulfo, García Márquez. Maswali ya kuchagua ni 65, nusu ya alama, na mengine anasikiliza kwanza mahojiano au shairi linalosomwa kwa sauti. Nusu iliyobaki ni kuandika, yote kwa Kihispania: majibu mafupi mawili na insha mbili. Kuna swali anapewa kipande cha andiko na kazi ya sanaa, mchoro kwa mfano, avilinganishe. Na kuna insha ya kulinganisha andiko la kwenye orodha na jingine ambalo pengine hajawahi kuliona maishani. Hapo ndipo wanapoanguka hata wale wanaokiongea Kihispania tangu utotoni, maana wanasimulia hadithi upya wakidhani wanachambua.

Kwa hiyo mtandaoni au ana kwa ana siyo hoja. Mwalimu muulize kama anaijua orodha na kama amewahi kusahihisha insha za mtihani huu. Na kabla hujatoa senti: tovuti ya College Board, wenye mtihani, inaweka maswali ya insha ya miaka iliyopita, majibu ya wanafunzi, alama walizopewa na sababu zake. Bure. Vitabu vya kale vingi vipo bure pia kwenye maktaba ya mtandaoni, Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes.

Swali dogo tu: wengi niliowafundisha darasa hili wana Kihispania cha nyumbani. Wewe umesema hukijui. Kijana kakitoa wapi?

Tausi wa Merrimack
Ahsante sana mwalimu, Mungu akuzidishie. Kakipata shuleni na mtaani tu. Lawrence ni jirani zetu hapa, Wadominika wamejaa. Hebu nisaidie hilo la kulipia mbele.

Ngosha Mstaafu
Mmenikumbusha mbali. Mimi fasihi ya kidato cha nne niliangushwa na mwalimu wa tuisheni. Jamaa alitushindilia tamthilia moja, wahusika, dhamira, kejeli, hadi jina la mbwa tukalikariri. Kuingia chumba cha mtihani, tamthilia haimo. Ilishaondolewa kwenye mtaala, yeye bado anafundishia daftari lake la zamani. Nyumbani nikachapwa mimi. Mwalimu akahamia Tandika, akafungua tuisheni nyingine, ikajaa.

Hana Baya
Pole Ngosha. Tausi, kulipia mbele umeuliza mara mbili. Umeshalipa wewe.

Tausi wa Merrimack
Nimetanguliza nusu. Ni kijana wa Madrid, ana sifa nzuri mtandaoni, wanafunzi wake wa DELE wanapata C1, ngazi ya juu. Mhispania halisi, siyo wa kuokoteza. Nilitaka kulinganisha bei tu.

Mwalimu Chaki
Dada, DELE ni cheti cha lugha cha Instituto Cervantes: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Haina orodha ya vitabu vya fasihi. Mtu anaweza kuwa na C1 yake ukutani na mshairi Garcilaso akadhani ni mchezaji wa mpira.

Chukua soneti ya Garcilaso iliyo kwenye orodha, inaanza "En tanto que de rosa y azucena". Kijana akihesabu mizani kwa desturi ya bibi yake wa Tanga atapata 12. Wao wanapata 11, kwa sababu vokali inayofunga neno na inayofungua linalofuata huhesabiwa pamoja, kwa hiyo "rosa y" inabaki na mizani mbili tu. Muulize huyo wa Madrid leo usiku akuhesabie. Akisitasita, ujue Mei atakuwa anasitasita na mwanao.

Hana Baya
Mwalimu, hata mimi nililiona hilo la "bibi yake wa Tanga". Mwenye bibi mmoja husema bibi, yakaisha. Huyo mwingine ni wa wapi?

Kobe Mzee
Takukuru wanakukosa bure.

Tausi wa Merrimack
Nimetoka zamu, nakuta mmegeuza uzi mahakama. Haya. Baba wa mtoto ni Mdominika. Tuliachana zamani. Bibi mzaa baba yuko Lawrence, mwalimu mstaafu. Mmeridhika?

Hana Baya
Mwalimu wa somo gani?

Tausi wa Merrimack
Fasihi. Sekondari, Santo Domingo.

Kobe Mzee
Naomba mtu aniokote, nimeanguka kitini.

Binti Chumbageni
Astaghfirullah! Unatuma dola Madrid na mwalimu yuko mji wa jirani, damu ya mtoto, na bila shaka hatadai hata nauli!

Tausi wa Merrimack
Chekeni, hamkuwepo. Siku ndoa inavunjika yule mama alisema mbele ya watu kwamba mimi niliolewa kwa ajili ya makaratasi. Mtoto kwenda kwake sikukuu sijamkataza hata siku moja. Lakini kumpeleka kila wiki mpaka Mei ni kumkabidhi kombe mkononi. Akifaulu itakuwa damu ya kwao. Akifeli, mama yake Mwafrika ndiye aliyemchelewesha. Wa Madrid nikishamlipa hana la kunisimanga. Na yule mama alistaafu kitambo, hiyo orodha ya 38 ataijulia wapi? Si mmemsikia Ngosha hapo juu na daftari la zamani?

Ngosha Mstaafu
Mimi nisiingizwe kwenye kesi za wakwe.

Mwalimu Chaki
Hoja ya orodha ni halali. Lakini orodha inachapishwa ikamfikia kesho, na mtu aliyefundisha fasihi huko sitashangaa kama nusu yake alikuwa anaifundisha. Atakachokosa ni namna insha zinavyosahihishwa, na hilo lipo bure nilikosema. Wa Madrid anahitaji vyote viwili.

Shemeji wa Taifa
Wakwe wote ndivyo walivyo. Wangu aliniita jambazi siku ya posa, leo nikichelewa kumpigia simu hali chakula. Mwamkie tu dada, salamu haipunguzi mshahara.

Jicho la Kengeza
Wakuu, mnakunywa chai na hamjashtuka.

Kwanza, nimeipitia hiyo orodha. Mle ndani kuna shairi la Nicolás Guillén, Mcuba, mtu ana babu wawili, mmoja mweusi mmoja mweupe. Halafu leo tunaletewa kijana mwenye bibi wawili, mmoja Tanga mmoja Jamhuri ya Dominika. Imekaa vizuri mno.

Pili, kwenye uzi wa viwanja vya Tanga huyuhuyu Tausi aliandika "mume wangu Mdigo". Mdigo wa Santo Domingo huyo?

Tatu, huyu Mwalimu Chaki mbona kila akiulizwa ana jibu la kurasa mbili? Subirini, mtawekewa namba ya kulipia hapa. Mtu mmoja, simu mbili.

Kobe Mzee
Eeeh! Mada imeanza upya. Tausi tupia picha ya kitabu basi.

Mwalimu Chaki
Sijaomba hata shilingi. Nimetaja vitu vya bure tupu, tapeli gani huyo? Watu wakinyamaza mnasema wasomi wabinafsi, wakieleza mnasema wana simu mbili.

Tausi wa Merrimack
Mdigo ni mume wangu wa sasa. Au kuolewa mara mbili kunahitaji kibali cha Jicho la Kengeza? Picha siweki, mtoto ana jina lake kwenye madaftari.

Ila hilo shairi nimemuuliza. Kanicheka. Anasema kwa bibi yake wa Lawrence wameshalimaliza, kwa simu, tangu Krismasi. Mama yule anamsomea, akifika mwisho pale majina ya wale babu wawili yanapoitwa, Federico, Facundo, anapiga kelele hadi majirani wanagonga ukuta. Kumbe wanasoma shairi moja moja usiku nikiwa zamu. Mimi nahangaika na Madrid, wao wana darasa lao.

Hana Baya
Kwa hiyo aliyekuwa hana mwalimu ni wewe.

Jicho la Kengeza
Sasa hivi chai imetiwa iliki. Sehemu ya pili lini?

Binti Chumbageni
Jicho, hata ikiwa chai, mimi nataka kujua mwisho wake. Tausi, unampeleka?

Tausi wa Merrimack
Wa Madrid anaendelea mpaka hela yangu iishe, atamsahihishia sarufi. Siwezi kuitupa. Alhamisi mtoto ataenda Lawrence kwa basi. Mimi simpeleki na mlangoni kwake sifiki, nisieleweke vibaya. Mwalimu, hiyo orodha na mambo ya kusahihisha anayapata wapi hasa, nimwambie achapishe aende navyo?

Mwalimu Chaki
Orodha iko kwenye maelezo ya kozi, tovuti ya College Board. Insha zilizosahihishwa ziko kwenye ukurasa wa mtihani huohuo, mwaka kwa mwaka. Aanze na mbili za karibuni. Amwombe bibi asimfundishe kwanza, asome majibu ya wale wanafunzi na kuyapa alama mwenyewe, kisha waangalie wasahihishaji walitoa ngapi. Walimu wa zamani wakali watawapa watoto wa watu sifuri, hapo ndipo mtajua vipimo vinatofautiana wapi.

Tausi wa Merrimack
Sifuri ataitoa, namjua.

Shemeji wa Taifa
Mwalimu, samahani, na kemia unafundisha? Wangu yuko kidato cha nne Mbagala.