Pawa saplai imeungua, nichukue ipi? Niko Lamu, bajeti elfu saba

KijanaWaLangoni
Asalaam aleikum wakuu. Juzi stima ilikatika magharibi. Iliporudi, kompyuta ikalia "pa!" mara moja, chumba kizima harufu ya kuungua. Fundi kaifungua: pawa saplai (kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) imekwisha, madabodi iko nzima. Hiyo iliyokufa ilikuja na kesi, imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa.

Mashine ni prosesa Core i5-10400, kadi ya picha GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, RAM 16, SSD moja na diski moja. Nahariri video za harusi na kazi za watu zimenikalia shingoni.

Hapa mjini nimepata mbili: mpya ya 600W kwa 1,800, na nyingine iliyotolewa kwenye Dell ya ofisi kwa 2,000, muuzaji asema Dell hazifi. Mombasa kuna Corsair 450W Bronze, 6,500 bila nauli. Mbona nilipe zaidi nipate wati chache?

BinAmpea
Waaleikum salaam. Sahau namba ya kwenye boksi. Mwambie muuzaji akupigie picha lebo ya ubavuni, uangalie safu ya +12V. Prosesa na kadi ya picha zinakula hapo, 3.3V na 5V siku hizi kazi yake ndogo. Zidisha ampea kwa 12, ndizo wati zako za maana, kama lebo nayo haidanganyi.

Kwa mashine yako: i5-10400 huandikwa wati 65, lakini ikikazwa hugusa 134 kwa muda mfupi. GTX 1650 ni 75. Bodi, feni na diski weka 50. Hata 260 haifiki. 450 ya kweli yakutosha na nyingine yabaki.

DadaWaSoketi
Ile ya Dell, hesabu pini kabla hujatoa pesa. Madabodi yako yataka plagi kubwa ya pini 24. Dell nyingi za ofisi, tangu enzi za OptiPlex 9020, zina yake ya pini 8. Ni kweli hazifi ovyo, ila kwako haitaingia. Waya wa kugeuzia upo, lakini nani ataka kuanza kuunganisha-unganisha na harusi za watu ziko ndani ya diski?

KijanaWaLangoni
Ahsante dada. Lebo ya ile 600W imefika: +12V, 16A. Nyuma ina kiswichi chekundu cha 115/230.

BinAmpea
16 mara 12 ni 192. Zilizobaki sijui zimeenda wapi, muulize aliyeichapisha lebo.

Na hicho kiswichi kikiwa kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye 240 yetu, utasikia ile "pa" tena. Zenye Active PFC, yaani sakiti ya kurekebisha jinsi zinavyovuta umeme, hazina swichi hiyo, nyingi zapokea 100 hadi 240 zenyewe. Halafu ibebe mkononi. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu la biskuti, basi ndani hamna koili wala kapasita za kutosha.

Mzee_wa_Bei_Chee
Mnatisha watu bure. Mimi ninayo kama hiyo miaka sasa, haijanisumbua.

BinAmpea
Una kadi ya picha, mzee wangu?

Mzee_wa_Bei_Chee
Sina. Natumia Excel tu.

BinAmpea
Basi.

FundiMkomani
Niongeze kidogo. Bronze si ulinzi, Bronze yasema umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Ulinzi utafute kwa herufi zake: OVP (volti ikizidi), OPP (mzigo ukizidi), SCP (ikipiga shoti). Ile iliyoungua ikaiacha bodi hai ni bahati yako tu, nyingine hufa na wenzake.

Stima ikikatika, zima soketi ukutani. Ikirudi, subiri dakika chache ndipo uwashe. Na kesi usiiweke chini ya dirisha la baharini. Vumbi likishika unyevu wa chumvi hupitisha umeme, na feni ya pawa saplai ndiyo inayolivuta ndani. Nyumba yenu ina ethi, ule waya wa kushusha umeme ardhini?

KijanaWaLangoni
Sidhani, nyumba ya zamani. Nikiigusa kesi miguu mitupu yanitekenya. Nilidhani ni pawa saplai ilikuwa yaanza kufa.

FundiMkomani
La. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo zinazomwaga kelele za umeme kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, bati la kesi hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, ila hata hiyo Corsair itakutekenya vilevile. Ita fundi wa nyaya.

DadaWaSoketi
Na kabla haijapakiwa Mombasa, mwambie muuzaji aiwashe, aweke mita kwenye 12V, akutumie video. Isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Ikishavuka Mokowe kwa boti, kuirudisha ni nauli juu ya nauli.

KijanaWaLangoni
Video nimeiona, 12.1. Lebo +12V 37A, na udhamini kaniandikia kwenye risiti. Yapanda basi kesho asubuhi. Zikibaki pesa nichukue UPS, ile ya betri ya kushikilia stima ikikatika?

FundiMkomani
Ethi kwanza. UPS ukienda kununua, nenda na mashine yako dukani, iwashe, chomoa UPS ukutani. Baadhi ya zile za bei rahisi hazipatani na Active PFC, zikihamia betri kompyuta yajizima.

KijanaWaLangoni
Sawa fundi. Nakutumia ujumbe pembeni, unipe bei ya hiyo ethi.