Grili za madirisha ya mabweni: zing'olewe kwa sheria au zibaki? Tujadili

Aliyeanzisha mada

Wadau, leo nataka tubishane juu ya jambo moja dogo: dirisha la bweni.

Kenya ina mwongozo wa usalama shuleni tangu 2008, na umeandikwa vizuri. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano na ufunguke kwa nje. Kila upande mlango, na katikati mwingine wa dharura. Kati ya kitanda na kitanda, mita 1.2. Madirisha yasiwe na grili. Bweni lisipigwe kufuli watoto wakiwa ndani.

Wizara haikuyaota hayo. Shule ya Bombolulu kule Pwani, 1998, waliteketea wasichana 26. Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67: mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwongozo ukaandikwa. Kisha Moi Girls Nairobi 2017, wasichana 10. Kisha Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21, watoto wa shule ya msingi (hiyo ni ya binafsi, lakini mwongozo ni ule ule).

Hoja yangu: mambo matatu yatolewe kwenye mwongozo, yatungiwe sheria na Bunge, yenye adhabu inayotajwa. Kufuli, grili, na mlango kufunguka kwa nje. Hayo mengine yabaki mwongozo. Tukiifanya mita 1.2 iwe sheria kesho, shule nyingi za umma zitafungwa kesho kutwa. Serikali ilipoamuru 2018 kila mtoto wa darasa la nane aingie kidato cha kwanza, watoto walikuja lakini mabweni hayakuja nao.

Mimi mwenyewe nililala miaka minne kwenye bweni lililofungwa saa nne usiku. Ufunguo alikaa nao kiranja, na kiranja alilala bweni jingine. Nyuma ya mlango tuliwekewa ndoo. Moto hatukuuwaza hata siku moja. Tuliwaza zamu ya nani kumwaga ndoo.

Mama wa mabinti wawili, Meru

Ndugu yangu, hayo ni maneno ya mtu aliyesoma shule ya wavulana.

Sisi huku hatujasahau St. Kizito. Julai 1991 wavulana wa shule hiyo hiyo walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi walinajisiwa. Kwa hiyo mzazi wa Meru akiona dirisha la bweni halina chuma, haoni njia ya kutokea. Anaona njia ya kuingilia. Binti yangu wa kwanza yuko sekondari, na siku ya kumpeleka nilizunguka bweni zima nikitikisa grili kwa mkono, niridhike ndiyo nirudi nyumbani. Ukiniambia zing'olewe, niambie kwanza usiku huo analindwa na nani. Mlinzi mmoja mzee mwenye rungu na tochi?

Mdau wa Moshi

Poleni jirani. Na sisi tuna moto wa shule ya Shauritanga, Rombo, 1994, wasichana zaidi ya 40. Ila mimi naona mnagombania dirisha na kuisahau nyumba. Mtoto wa miaka tisa analala shule kwa nini? Hapa Tanzania 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wenye shule walilalamika sana, wazazi wengine pia. Lakini mtoto aliyelala kwao hahitaji mlango wa dharura wa bweni.

Aliyeanzisha mada

Mdau wa Moshi, kwa wadogo nakubali kabisa. Lakini kuna kaunti ambako shule ya sekondari iko mwendo wa nusu siku. Huyo wa sekondari atalala wapi?

Mama, umenigusa, na sina jibu jepesi. Nakumbusha jambo moja tu kuhusu usiku ule wa 1991: wengi wa mabinti wale walikufa kwa kubanwa na kukosa pumzi, wamejazana bweni moja bila pa kutokea. Hata mvamizi akiwa mtu na si moto, aliye ndani anahitaji mlango wa pili. Mlango wa kusukumwa kutoka ndani, usiofunguka kutoka nje, mafundi wetu wanaujua. Sinema na benki zinao.

Tena zimamoto ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, na gari lenyewe liko mjini. Likifika, paa limeshaanguka. Mtoto anatoka kwa dakika zile za kwanza au hatoki.

Mwalimu mkuu mstaafu

Nimewasoma. Hilo la adhabu ndilo linanitia shaka. Serikali inaahidi Sh22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na fedha zinakuja kwa vipande, zikichelewa. Atakayefungwa jela ni mimi niliyepokea watoto 90 kwenye bweni la 48, au ni aliyeniletea barua ya kuwapokea? Andikeni hiyo sheria, lakini muandike na jina la aliyesaini barua.

Hata hivyo, grili hazihitaji fedha nyingi. Mimi nilizing'oa baada ya Moi Girls. Niliita fundi wa kuchomelea na mashine yake ya kukatia, Jumamosi moja, mabweni matatu. Vyuma tuliviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bodi iliniita kunihoji kwa kuharibu mali ya shule. Muhula huo tuliibiwa magodoro manne na sanduku moja.

Mama wa mabinti wawili, Meru

Shikamoo mwalimu. Shule yako ilikuwa ya wasichana?

Mwalimu mkuu mstaafu

Marahaba mwanangu. Ya wasichana. Tulipandisha ua kwa fedha za vyuma na michango ya wazazi, matroni akahamishiwa chumba cha mwisho wa bweni. Mlango wa kwanza ulibaki kufungwa kwa komeo la ndani. Wasichana watatu walitoroka kwa dirisha mwaka ule, wakaenda disko matanga. Walirudi wote.