Gego la utoto limetoboka kwa mtoto wa miaka 5: lizibwe, ling'olewe au lisubiriwe?

BabaWaUyole

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba ushauri kuhusu mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 5. Gego lake la chini upande wa kushoto, lile la mwisho kabisa, limetoboka katikati, na tangu baridi ya huku Uyole, Mbeya, ianze, kila anapokunywa chai ya moto au kutafuna kitu kitamu hushika shavu na kuhamishia tonge upande wa pili. Maumivu hayo huisha baada ya muda mfupi, usiku analala vizuri, hana homa wala uvimbe. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, anasema hilo ni jino la utoto na litatoka lenyewe, hivyo kumpeleka hospitali ni kumtia mtoto hofu na kupoteza hela. Mke wangu kwa upande wake anataka ling'olewe haraka kabla halijaambukiza mengine. Je, jino la utoto huzibwa kweli, au ni kuingia gharama kwa kitu kitakachodondoka? Na jino bovu la utoto linaweza kuliathiri lile litakalokuja baadaye?

TabibuMeno_Iringa

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Hoja ya mama ina ukweli nusu. Meno ya utoto yako 20 na yote hutoka, lakini hayatoki kwa wakati mmoja. Yale ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka 6 hivi, ndiyo maana wazee wengi wakisikia jino la utoto hufikiria hayo, ilhali magego ya nyuma hubaki kinywani hadi miaka 10 au 12. Kwa hiyo gego unalolizungumzia bado lina miaka mitano au zaidi ya kufanya kazi, na huo ni muda mrefu mno kwa mtoto kutafuna kwa upande mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui. Akifikisha miaka 6 hivi, nyuma ya gego hilo hilo litaota gego la kwanza la kudumu, ambalo halibadilishani na jino lolote. Gego la utoto ndilo linalolizuia lisisogee mbele. Mkiling'oa sasa pasipo sababu ya lazima, hilo jipya litasogea na kujaza pengo, na jino la kudumu linalopaswa kuota hapo baadaye litakosa nafasi, liote upande au likwame ndani ya taya. Ni sawa na mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwenye foleni: akiondoka mapema, wa nyuma hasubiri.

Kuhusu kuliathiri jino lijalo, ndiyo, inawezekana. Jino la kudumu linajengeka chini kabisa, katikati ya mizizi ya lile la utoto. Usaha ukikaa hapo kwa muda mrefu, jino jipya linaweza kuota likiwa na madoa au tabaka la nje dhaifu.

Kwa maelezo yako, maumivu yanakuja anapokula na kuisha upesi, na hiyo mara nyingi ni dalili kwamba kiini cha jino bado ni kizima na kuziba kunatosha. Maumivu yakianza kumwamsha usiku, au ukiona kipele chenye usaha kwenye ufizi, basi uozo umefika ndani na uamuzi utakuwa kati ya kutibu mzizi na kung'oa. Shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, akawa na homa au akashindwa kumeza, usisubiri kesho. Na tafadhali msimwekee aspirini iliyopondwa jinoni. Inaunguza ufizi, na aspirini yenyewe si dawa ya mtoto. Mpeni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Hofu ya mashine nayo isiwazuie. Ipo namna ya kuziba ambayo tabibu hukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, kisha hujaza saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi, madini yanayoimarisha meno, kidogo kidogo, mara nyingi bila sindano ya ganzi. Njia hiyo ilianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994 kwa ajili ya maeneo yasiyo na umeme wa uhakika. Huwa nasikitika kuona wazazi wanafika wakiamini kwamba kwa mtoto hakuna huduma nyingine zaidi ya koleo. Kwa shimo ambalo halijafika ndani, njia hiyo inamfaa sana mtoto wa umri huo.

MamaRungwe

Tabibu amemaliza upande wa jino, mimi niongeze upande wa chakula, maana jino likizibwa na mazoea yakabaki yale yale, mwakani mtaziba la jirani yake. Huku kwetu Tukuyu majani ya chai yako mlangoni na baridi haituachii, kwa hiyo mtoto anakunywa chai ya sukari asubuhi, saa nne anapewa uji wa sukari, mchana akirudi shule ana pipi au barafu ya rangi, na jioni chai tena. Tatizo si wingi wa sukari peke yake, bali ni idadi ya mara inapopita kinywani. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi kila mara, na jino huhitaji nusu saa au zaidi kujirudi. Likichokozwa tena kabla ya hapo, halipati nafasi ya kupumzika.

Sisemi mtoto anyimwe chai. Sukari ipunguzwe na iende pamoja na mlo, kisha asukutue kwa maji. Katikati ya milo apewe ndizi ya kuchoma, kiazi, parachichi au karanga, vitu ambavyo Rungwe na Njombe havikosekani. Kwa watoto wadogo, chupa ya maziwa yenye sukari isilale naye kitandani, kwa sababu akisinzia mate hupungua na maziwa hubaki yamegandama kwenye meno ya juu ya mbele. Watoto wengi unaowaona wana vibanzi vyeusi mahali pa meno hayo walipitia hapo.

Na kuhusu mama mzazi, kaka, usishindane naye. Mwombe akusindikize siku ya hospitali amshike mjukuu mkono. Bibi akisikia maelezo kwa masikio yake ndiye atakayekuwa mlinzi wa kwanza wa mswaki hapo nyumbani, na biskuti za dukani anazomnunulia kwa siri zitapungua zenyewe.

BabaWaUyole

Nashukuru sana. Mama amecheka kuhusu biskuti, na amekubali kwenda. Nina maswali mengine mawili. Mdogo wake ana miezi 8, anaharisha tangu juzi na ana joto kidogo, na ufizi wake una vivimbe vyeupe. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yaani meno bandia yanayodaiwa kumletea mtoto kuharisha na homa, na anamfahamu mtaalamu wa kuyatoa. Pili, nikitumia dawa ya meno yenye floridi, meno hayatakuwa ya kahawia kama ya baadhi ya watu wa Arusha?

Muuguzi_Makete

Kaka, usimpeleke mtoto kwa mtu huyo. Vivimbe unavyoviona ni chonge changa za mtoto ambazo hazijachomoza, na kila mtoto anazo. Imani ya meno ya plastiki au ya nailoni imeenea nchini tangu miaka ya 1980, na inadumu kwa sababu rahisi: kuharisha kwa mtoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, hivyo aliyekwanguliwa ufizi akipona, sifa huenda kwa mkwanguaji. Asiyepona hazungumzwi. Wanatumia wembe, msumari au spoku ya baiskeli, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi hadi kuishiwa, kupata pepopunda au sumu ya damu, na hata kufa. Anayesalimika anaweza kukosa chonge za kudumu au zikaota zimepinda, kwa maana mbegu yake iko jirani na ile iliyochokonolewa.

Kinachomtibu mwanao ni maji. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogo kidogo kwa kijiko, na nenda zahanati leo akapewe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 na kupimwa homa. Macho yakidumbukia, akilegea, akashindwa kunywa au ukaona damu kwenye choo, hiyo ni dharura.

TabibuMeno_Iringa

Naunga mkono kila neno la Muuguzi. Kuhusu rangi ya kahawia, ile ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida inatokana na maji ya kunywa yenye floridi nyingi kupita kiasi, na pengine magadi ya kupikia, ambayo mtoto huyatumia kila siku wakati meno yake yangali yanajengeka. Dawa ya meno hutemwa. Chagua yenye floridi kuanzia sehemu 1,000 kwa kila sehemu milioni (ppm), kiwango ambacho huandikwa kwenye boksi. Huyo mdogo, jino la kwanza likichomoza, mpake kiasi cha punje ya mchele, na kaka yake kiasi cha punje ya njegere. Huyo mkubwa apige mswaki mara mbili kwa siku, ile ya usiku isikosekane, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, na wewe au mama yake mmalizie kazi hiyo hadi afike miaka 7 au 8, kwa kuwa mkono wake bado haujui kufika nyuma. Mkifika hospitali, mwombeni tabibu aangalie pia kama magego ya kudumu yameanza kuchungulia, maana kwa watoto wengine huwahi.