Naomba ushauri: meno yamefika mahali pake kweli, au natolewa waya mapema mno?

Wakuu, habari zenu. Nina mwezi wa 22 na waya za meno, na daktari anataka kuzitoa. Kwenye kioo meno yamenyooka, sina ubishi. Ila nikiuma, magego ya kulia hayashikani kama ya kushoto, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimesoma kidogo. Mwaka 1972 Andrews, daktari Mmarekani wa kunyoosha meno, alichapisha vigezo sita vya meno yanayoumana vizuri, alivyopata kwa kuchunguza vielelezo 120 vya meno yaliyojipanga vizuri bila matibabu: gego la kwanza la juu linavyokaa juu ya la chini, mwinamo wa kila jino, mianya na kadhalika. Pia meno ya mbele ya juu huwa yanayatangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 3. Yangu, kwa rula ya shule (msicheke), yanakaribia 4.

Je, lazima vigezo vyote vitimie, au hutegemea na taya la mtu? Nimwombe achukue ukungu wa meno (nakala ya umbo lake) na eksirei ya kichwa ya ubavuni apime kwanza? Nitamwambiaje bila kuonekana namfundisha kazi? Miadi ni wiki ijayo.