Chai, kahawa na maziwa vinahesabika kwenye maji ya siku, au najidanganya?

Kiu_Ya_Kesho (mleta uzi)

Salaam wakuu. Swali langu linaweza kuonekana la kitoto, lakini limeshaleta maneno nyumbani na sasa limeingia hadi kwenye usingizi.

Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Asubuhi nakunywa vikombe viwili vya chai, saa nne kahawa, mchana glasi ya maji baada ya kula, jioni chai tena, na kabla ya kulala kikombe cha maziwa. Nimeishi hivyo miaka yote bila shida. Wiki tatu zilizopita mke wangu akasoma mahali kwamba mtu mzima lazima anywe glasi nane za maji, na kwamba chai na kahawa hazimo. Tena eti kila kikombe cha kahawa unakilipia kwa glasi ya ziada, maana kahawa inakausha mwili. Akaninunulia chupa ya lita mbili yenye mistari ya saa: ufike hapa saa sita, ufike hapa saa tisa. Najiona kama tenki.

Chai sijaacha, kwa hiyo vyote vinaingia. Usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo. Kwenye vikao natoka kila baada ya dakika arobaini, mpaka bosi akaniita pembeni kuniuliza kama niko salama. Mkojo hauna rangi kabisa. Sukari nilipima mwaka huu, sina. Presha iko sawa.

Nauliza: vinywaji vingine vinahesabika au havihesabiki? Na kama vinahesabika, nimwambieje mwenye chupa yake? Karibuni wajuzi.

Mkaidi_Wa_Asili

Mkuu, maji ni maji na chai ni chai. Ungekubali kuoshewa gari kwa chai? Sikiliza mkeo.

Kipimo_Sahihi

Mkaidi, gari halina figo. Mwili haunyonyi "chai". Utumbo unachukua maji yaliyomo, na chai ya rangi ni maji kwa zaidi ya asilimia 99. Maziwa ni kama asilimia 87. Yakishaingia kwenye damu hayana kumbukumbu yalitoka kikombe gani.

Mleta uzi, mimi nimesomea lishe, nikupe hesabu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 iliweka lita 2.5 kwa mwanamume na lita 2 kwa mwanamke kwa siku. Wamarekani wako juu zaidi: lita 3.7 na 2.7. Watu wengi wanasoma namba hizo halafu wanakimbilia bombani, wakati zote mbili ni jumla ya maji kutoka kila kinachoingia mdomoni, chakula kikiwemo. Chakula peke yake huleta kama sehemu moja ya tano. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, tango linalizidi hata hilo.

Sasa wewe: vikombe vinne, maziwa na ile glasi ya mchana, tukichukulia mililita 250 kila kimoja, tayari ni lita moja na nusu. Ongeza chupa ya mke, unafika tatu na nusu kabla hujala chochote. Wewe ni mtu wa kiti, si wa shamba. Ndiyo maana unatoka nje ya vikao.

Na hizo glasi nane zina historia ya kuchekesha. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku, na sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya vyakula. Wengi wanaamini huko ndiko glasi nane zilikotoka: sentensi ya kwanza ikasambaa, ya pili ikasahaulika. Mwaka 2002 daktari wa figo Heinz Valtin alitafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa mtu mwenye afya, akarudi mikono mitupu.

Binti_Wa_Mzee

Mimi si mtaalamu, ila nimeuguza.

Baba yangu figo zilifeli, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliruhusiwa lita moja ya vinywaji kwa siku, basi. Siku za mwanzo alikuwa mwaminifu sana kwenye maji. Tulimpimia kwenye jagi asubuhi, na jioni jagi lilikuwa halijaisha. Lakini kila akifika kusafishwa, mzani unaonyesha kilo tatu, kilo tatu na nusu juu ya uzito wake. Miguu imevimba. Mimi nikaapa mbele ya nesi kwamba baba hakunywa zaidi ya lita moja.

Yule nesi hakubishana nami. Akavuta kiti akaanza kuuliza. Chai anakunywa? Ndiyo, lakini ile ni chai. Supu? Kidogo, jioni. Uji? Asubuhi. Barafu? Hapo nikakumbuka baba hakuwa akiachia kibakuli cha barafu, anamung'unya mchana kutwa kwa sababu mdomo unamkauka. Nesi akajumlisha kwenye karatasi, zikatoka karibu lita mbili na nusu ambazo sisi tulikuwa tunaziita "si maji". Akaniambia kilo moja inayopanda kati ya siku mbili za kusafishwa ni kama lita moja iliyobaki mwilini, na mzani hauulizi iliingia kama nini.

Toka hapo tulipima kila kitu, hadi maji ya kumezea dawa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema chai haihesabiki, namkumbuka baba na kibakuli chake. Kwa mgonjwa wa figo inahesabiwa tone kwa tone. Kwa mzima inaenda wapi?

Kiu_Ya_Kesho

Dada, pole sana, na asante. Hiyo ya barafu imenigusa. Ila bado nina swali: hili la kahawa kukausha mwili limezushwa tu? Mimi mwenyewe nikinywa kahawa nakwenda chooni haraka.

Kipimo_Sahihi

Halikuzushwa, limekuzwa. Kafeini kweli inazichokoza figo zitoe maji kidogo zaidi, hasa kwa asiyeizoea au anayekunywa nyingi kwa mpigo. Lakini mwili huzoea ndani ya siku chache. Hata utafiti mkongwe wa mwaka 1928 unaotajwa sana, uliofanywa kwa watu watatu tu, ulikuwa unahusu jinsi mazoea hayo yanavyopunguza kukojoa. Mwaka 2014 huko Uingereza walichukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakawapa vikombe vinne vya mililita 200 kwa siku, kisha kipindi kingine wakawapa maji kiasi hichohicho. Vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha tofauti ya maana.

Kwa hiyo kikombe cha kahawa hakidaiwi glasi. Utatoa kidogo, kingi kinabaki. Kikomo cha kahawa ni kafeini yenyewe: miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, 200 kwa mjamzito.

Na maziwa yako ya usiku usiyadharau. Kuna jaribio la mwaka 2016 lililolinganisha vinywaji 13, na maziwa yalikaa mwilini kuliko maji matupu, kwa sababu ya chumvichumvi, protini na mafuta yake.

Kopo_La_Tano

Safi sana. Basi mimi na soda zangu tano kwa siku niko vizuri.

Kipimo_Sahihi

Maji unayo, ndugu. Tatizo lako lina jina lingine. Kopo moja la mililita 330 la kola ya kawaida lina sukari kama gramu 35, na Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku. Wewe unavuka kwenye kopo la pili. Juisi nayo usijifiche nyuma yake.

Mgeni_Wa_Jumamosi

Na bia? Naulizia rafiki.

Kipimo_Sahihi

Mwambie rafiki kwamba pombe inaizuia homoni inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Bia nyepesi moja bado inakuachia maji mwilini. Pombe kali usiitie kwenye hesabu.

Nesi_Wa_Zamu

Naongezea moja tu. Wengi wanadhani maji ya ziada hayana madhara. Kwenye mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu (chumvi ya kwenye damu) iliyoshuka chini ya kiwango, wengi kwa sababu walikunywa kupita kiasi. Ikishuka sana mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, anaweza kufa. Kwa mleta uzi sioni hatari hiyo, lakini acha kushindana na mistari. Kunywa ukisikia kiu, uangalie mkojo uwe wa njano hafifu, na saa mbili au tatu kabla ya kulala punguza. Joto kali, kazi ya jasho, kuhara au kunyonyesha, hapo ongeza. Mwenye historia ya mawe ya figo afuate kiwango cha daktari wake, na wazee wasisubiri kiu, inachelewa kwao.

Ukipunguza na bado unaamka mara tatu usiku kwa wiki mbili, nenda kapimwe.

Kiu_Ya_Kesho

Mrejesho, wakuu. Siku ya tano bila chupa. Jana niliamka mara moja, juzi sikuamka.

Nilimsomea mke wangu uzi wote. Alipinga mpaka tulipofika kwenye mzani wa baba yake Binti_Wa_Mzee, akanyamaza. Halafu akauliza vijiko vingapi vya sukari natia kwenye kila kikombe. Ni vitatu. Vikombe vinne. Akachukua simu, akapiga hesabu ya gramu nne kwa kijiko, akanigeuzia kioo: 48.

Mkaidi_Wa_Asili

Mimi nilisema mapema, chai si maji.