Je, kuandika kanuni za mofolojia kwa lugha za Kiurali bado kuna maana?

MchipukoIsimu aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili katika isimu kompyuta, na nimevutiwa na lugha za Kiurali, yaani ukoo wa Kifini na Kiestonia, hasa zile ndogo zinazozungumzwa nchini Urusi na kaskazini mwa Skandinavia, kama Kierzya, Kikomi, Kiudmurt na lugha za Kisami. Kila ninaposoma kazi za uwanja huu nakuta watafiti wakiandika leksimu (orodha za maneno) na kanuni za mofolojia (jinsi maneno yanavyoundwa) kwa mkono, kazi ya miaka mingi, ilhali kwingineko karibu kila mtu amehamia kwenye mitandao ya neva inayojifunza yenyewe kutokana na matini. Je, njia hii ya kanuni imedumu kwa sababu ya mazoea ya vituo vichache vya utafiti, au kuna jambo ndani ya lugha zenyewe linaloidai? Na anayeanza leo aanzie wapi?

MwalimuMofolojia alijibu:

Ndugu Mchipuko, sababu imo ndani ya lugha zenyewe, na huonekana vizuri zaidi kwenye mifano. Chukua umbo la Kifini *talossanikin*. Ni neno moja, nalo limebeba shina *talo*, yaani nyumba, kisha *-ssa* ya mahali, *-ni* ya umiliki wa nafsi ya kwanza, na *-kin* yenye maana ya "pia": ndani ya nyumba yangu pia. Kifini kina uhusika, yaani umbo linaloonyesha kazi ya nomino katika sentensi, wa aina 15 hivi, na ukichanganya uhusika huo na umoja na wingi, viambishi vya umiliki, na vipashio vya mwisho kama *-kin*, nomino moja hupata maumbo zaidi ya 2,000. Hakuna mkusanyiko wa matini utakaoyaonyesha yote. Mengi hayajawahi kuandikwa popote, na bado msemaji akiyasikia anayaelewa papo hapo. Kwa Kifini, chenye wasemaji wapatao milioni 5, wingi wa matini hulipunguza tatizo hilo. Kwa Kisami cha Inari, chenye wasemaji mamia tu, hakuna cha kulipunguza.

Tena viambishi hivyo havibandikwi kwenye shina na kuliacha lilivyo. Kifini kina *katu*, barabara, lakini "ya barabara" ni *kadun*, kwa kuwa silabi ya pili inapofungwa kwa konsonanti, *t* hudhoofika kuwa *d*. Katika Kisami cha Kaskazini jambo hili limekwenda mbali zaidi: *giehta* ni mkono, na umbo lake milikishi ni *gieđa*. Kiambishi kilichosababisha badiliko hilo hapo zamani kimekwisha kudondoka, kwa hiyo badiliko la konsonanti katikati ya neno ndilo lililobaki kuonyesha uhusika. Programu inayokata viambishi mwishoni mwa neno haina cha kukata hapo.

Kimmo Koskenniemi alilikabili tatizo la aina hii katika tasnifu yake ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alikopendekeza mofolojia ya ngazi mbili. Ngazi moja ni umbo la msamiati, nyingine ni umbo linaloandikwa, na kanuni zinazounganisha ngazi hizo hufanya kazi kwa pamoja badala ya kupokezana. Kanuni hizo hugeuzwa kuwa mashine ya hali zenye kikomo, yaani programu inayosoma neno herufi kwa herufi ikihama kutoka hali moja hadi nyingine, ambayo husomeka pande zote mbili: ukiipa *kadun* inakurudishia *katu* na uhusika wake, na ukiipa *katu* na uhusika huo inakuzalishia *kadun*. Wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya kuifahamu mbinu hii, maana Arvi Hurskainen wa chuo hichohicho aliitumia kuchanganua lugha yetu. Mwaka 1990 Fred Karlsson, naye wa Helsinki, aliongeza Sarufi ya Vizuizi, ambayo huondoa uchanganuzi usiofaa kwa kutazama muktadha wa sentensi.

Ninachokithamini kuliko vyote ni matumizi yanayofuata. Katika Chuo Kikuu cha Tromsø, nchini Norwei, vikundi vya Giellatekno na Divvun hutengeneza kichanganuzi kimoja cha lugha, yaani programu inayolivunja neno katika sehemu zake, na kukitumia mara nyingi: kukagua tahajia, kumwezesha msomaji wa kamusi kupata neno hata akiandika umbo lililonyambuliwa, na kutunga mazoezi ya wanaojifunza lugha. Kazi iliyofanywa mara moja inawafikia mwandishi, mwalimu na mwanafunzi.

NevaNaNeno alijibu:

Naheshimu maelezo ya Mwalimu, na sina pingamizi kuhusu mofolojia, lakini naona picha haijakamilika. Kwa lugha za Kiurali zenye matini nyingi, hoja imekwisha kuamuliwa: FinBERT, modeli ya Kifini iliyotolewa Turku mwaka 2019, iliipita modeli ya pamoja ya lugha nyingi katika kazi zilizopimwa, na ilifanya hivyo bila kupewa kanuni hata moja ya mofolojia. Kwa lugha ndogo, Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kilipanua mfumo wake wa tafsiri ya neva mwaka 2023 ukaingiza lugha nyingi ndogo za Kifino-Ugri (tawi kubwa la Kiurali), zikiwemo Kilivonia, Kiveps, Kikomi na Kimansi. Kilivonia kilimpoteza msemaji wake wa mwisho wa lugha ya mama mwaka 2013. Lugha ya namna hiyo isingepata tafsiri ya mashine kama si kuazima ujuzi kutoka kwa ndugu zake wakubwa, hasa Kiestonia na Kifini.

Kanuni nazo zina gharama isiyotajwa sana. Kichanganuzi hujua maneno yaliyomo katika leksimu yake, basi. Wazungumzaji wa Kiudmurt au Kierzya huchanganya lugha yao na Kirusi katika sentensi moja, hunyambua maneno ya Kirusi kwa viambishi vyao wenyewe, na huandika mtandaoni kwa tahajia isiyomo katika sarufi yoyote. Hapo kichanganuzi kilichojengwa juu ya lugha sanifu hunyamaza, wakati modeli ya neva angalau hukisia.

MwalimuMofolojia alijibu:

Ndugu Neva, kukisia kunafaa katika kazi fulani na kunadhuru katika nyingine. Mfumo wa kutafsiri kutoka Kisami cha Kaskazini kwenda Kinorwei uliojengwa Tromsø kwa kanuni ulielekezwa upande huo kwa makusudi. Msomaji asiyejua Kisami hupata kuelewa, na mwandishi wa Kisami hana tena sababu ya kuacha lugha yake ili asomwe. Upande wa pili ungejaza lugha yenye wasemaji wapatao 20,000 matini za mashine zenye makosa, na matini hizo ndizo ambazo modeli za kesho zingejifunzia. Katika lugha yenye waandishi wachache, hatari hiyo naiona kubwa sana.

MtunzaMatini alijibu:

Ningependa kuongeza jambo ambalo pande zote mbili hulihitaji, nalo ni matini zenyewe. Maktaba ya Taifa ya Ufini imeweka kwenye mkusanyiko wake wa Fenno-Ugrica vitabu na magazeti ya lugha za Kiurali yaliyochapishwa katika Umoja wa Kisovieti, hasa ya miaka ya 1920 na 1930. Ni hazina kubwa, ila haisomeki na mashine moja kwa moja. Kikomi cha miaka ya 1920 kiliandikwa kwa alfabeti ya Molodtsov, iliyobuniwa kwa lugha hiyo, baadaye kikapitia herufi za Kilatini, kisha Kisirili (herufi za aina ya Kirusi) cha leo, hivyo lazima matini ya zamani igeuzwe kabla ya kuchanganuliwa pamoja na mpya. Hata katika matini za sasa, waandishi wasio na kibodi ya Kikomi huweka *ö* ya Kilatini mahali pa *ӧ* ya Kisirili. Jicho halioni tofauti, lakini kwa kompyuta hayo ni maneno mawili. Nimewahi kuona orodha za marudio ya maneno zilizoharibika kabisa kwa sababu hiyo peke yake. Yeyote anayeanza, asafishe herufi kwanza.

MchipukoIsimu alijibu:

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba swali langu lilitenganisha mambo yanayotegemeana. Nimeelekea kuchagua Kikomi, na ningeomba ushauri wa hatua ya kwanza iliyo ndogo kiasi cha kutosha tasnifu ya uzamili.

MwalimuMofolojia alijibu:

Usiandike kichanganuzi kipya. Msimbo wa kile cha Kikomi-Zyrian, aina mojawapo ya Kikomi, uko wazi katika GiellaLT, miundombinu ya vikundi vile vya Tromsø, na Universal Dependencies, mradi wa kimataifa wa kuchanganua sentensi za lugha nyingi, una sentensi za Kikomi zilizochanganuliwa, za maandishi na za mazungumzo pia. Pitisha matini uliyoisafisha kwenye kichanganuzi hicho, kusanya maneno yaliyoshindikana, kisha yagawe kwa sababu: neno halimo katika leksimu, kanuni ina upungufu, ni neno la Kirusi lililovaa viambishi vya Kikomi, au ni tahajia ya lahaja. Kundi la Kirusi ndilo ningelichagua liwe kiini cha tasnifu, kwa kuwa hapo ndipo unapoweza kulinganisha kanuni na modeli ya neva kwa haki, ukitumia maneno yaleyale. Soma pia makala za warsha ya kimataifa ya isimu kompyuta ya lugha za Kiurali, iliyofanyika mara ya kwanza Tromsø mwaka 2015. Na kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa pendekezo, mtafute msemaji wa Kikomi atakayekubali kukagua orodha yako, kwa sababu ugawaji wa maneno hayo hauwezi kufanywa kwa kamusi peke yake.